Kiwanja cha Ndege Juu ya Ubao wa Mninga

Mama aliipima ndege kwa viganja viwili, kama mtu anayepima kuku mnadani, akasema, "Hii haitoshi hata kitoweo cha watu wawili."

Dada alicheka mpaka akatua chini sufuria aliyokuwa ameishika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeibeba ndege ile ya plastiki kutoka karakana ya misheni hadi nyumbani kwangu mtaa wa Makanyagio nikiwa nimeikumbatia kama yai, nikiwakwepa watoto, mbuzi na wenye baiskeli, ili mama aishike, aielewe, kisha akubali kupanda ile kubwa inayofanana nayo. Yeye akaigeuza kitoweo.

Mama alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili pole pole, kama utando unavyotanda juu ya maziwa, hadi akabaki anajua tu kwamba hapa pana mwanga na pale pana kivuli. Dada, ambaye ni mkubwa wangu, ndiye aliyekuwa akiishi naye kijijini Usevya, na ndiye aliyemleta Mpanda juu ya lori la mpunga baada ya mimi kupeleka habari kwamba matibabu yamepatikana. Daktari wa macho alikuwa amefika katika hospitali moja ya mbali, na angekaa huko kwa majuma machache tu kabla ya kurudi kwao. Siku za kawaida tungempeleka mama kwa treni. Lakini masika ya mwaka ule, katikati ya miaka ya sabini, yalikuwa yamekula tuta la reli, na mabehewa yalisimama stesheni hadi nyasi zikaota kati ya magurudumu. Ilibaki ndege ndogo ya misheni. Rubani alisema ana nafasi moja katika safari yake inayofuata, na kwamba baada ya hapo hawezi kuahidi kitu.

Mama akakataa. Macho aliyataka, alikuwa akiyaomba kwa rozari kila jioni. Alichokataa ni namna ya kuondoka. "Mnataka nichukuliwe kama kifaranga na mwewe," alisema. "Mwewe anashuka, anabeba, anapaa. Nyie mmebaki hapo chini midomo wazi. Huko ndiko kusafiri?"

Tulimbembeleza, akanyamaza. Mama akinyamaza ni afadhali ubembeleze kisiki. Ndipo nikaenda kuileta ile ndege ndogo.

Rubani aliiunda mwenyewe, barazani mwa karakana nilimokuwa nikifanya kazi ya kutengeneza mashine za kusaga, pampu na bawaba za milango. Mvua ilikuwa imemfungia Mpanda. Akatoa boksi, na ndani yake vipande vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti vyake kama perege waliotungwa. Akawa anakata kwa wembe, anapaka gundi, anapuliza. Mimi nilikuwa na kinu cha mashine kimefunguliwa mapajani, lakini ule mchana sidhani kama nilikaza hata nati moja. Kilipokuwa kikiungana kitu kile nilijikuta nimeshika pumzi. Kila mstari wa ribiti, vile vichwa vya misumari ya bati, ulikuwepo, mwembamba kuliko unywele. Viti vilikuwepo. Mlango wa mizigo ubavuni, ambao abiria nao huupitia, ulikuwa na bawaba yake, unafunguka na kufunga, na ukiufunga husikii chochote.

"Kila kitu kimepunguzwa kwa kipimo kimoja," rubani aliniambia. "Wewe, fundi, ungekuwa hapa kama pingili ya juu ya kidole gumba chako."

Nilikitazama kidole gumba changu kana kwamba nimekiokota. Kisha nikapima mabawa: shubiri moja, toka ncha hadi ncha. Jioni mvua ilipotulia nikaenda kiwanjani na kuizunguka ndege yenyewe ya kweli, nikihesabu wanaume sita wakilala kichwa kwa unyayo chini ya mabawa yake, na nikarudi mbio kupima pingili zangu juu ya ile ndogo. Sita! Nawaambia ukweli, jambo hili lilinishangaza kuliko kuruka kwenyewe. Kuruka hata panzi anaruka. Lakini kukiondolea kitu ukubwa wake wote, na bado kikabaki ni kile kile, hilo sikuwahi kuliwaza, na hadi leo nikilifikiria mwili hunisisimka. Rubani alipoona ninavyoitazama, akaniachia. Alisema ingevunjika kwenye mizigo.

Sasa mama alikuwa nayo mapajani, amekwisha kuicheka, na vidole vyake vinatembea juu ya bawa. Vilikuwa vidole vya mfinyanzi. Alifinyanga vyungu tangu akiwa msichana, na macho yalipokwisha hakuacha. Aliendelea kufinyanga gizani na midomo ya vyungu vyake ikawa bado ni mviringo ule ule. Akafika kwenye pangaboi, akalizungusha kidogo, akarudi nyuma hadi kwenye mkia. Kisha akauliza:

"Mimi hapo ni kiasi gani?"

Nikamshika kidole gumba chake, nikamwambia ni pingili hii. Akatikisa kichwa. Maneno hayakumsaidia. Mkono hupima kitu kwa kitu kingine unachokijua, na ndege ile ilikuwa peke yake. Ukiigusa bila jirani yoyote, ilikuwa kuku kweli. Nikaelewa kwamba nikitaka mama aielewe, lazima niiwekee majirani: vitu ambavyo mikono yake ilikwisha kuvishika katika ukubwa wake halisi, nivipunguze kwa kipimo kile kile, nivipange kando yake.

Nilianza na ubao wa mninga uliobaki kwenye fremu ya dirisha la kanisa. Nikaulainisha kwa majani ya msasa, kwa maana ule msasa wa dukani ulikuwa haupatikani, kama rangi, kama misumari, kama mambo mengi ya miaka ile. Kiwanjani nikachota udongo mwekundu, nikauchekecha kwa kitambaa hadi ukawa kama unga, nikaumwaga juu ya gundi ya unga wa muhogo. Ukikauka unakwaruza kidogo, kama kiwanja chenyewe kinavyokwaruza chini ya nyayo. Pembeni nikaotesha nyasi kwa nyuzi za katani zilizokatwa fupi, na nje yake nikazungusha waya wa uzio.

Mapipa ya mafuta niliyakata kwenye mwanzi mwembamba, nikayafunga pete za waya ili yawe na yale matuta ambayo kila mtu ameyahisi akibingirisha pipa la maji. Kabari za magurudumu nilizichonga kutoka kwenye ndala iliyokatika. Pampu ya mkono ya kuvutia mafuta ilinisumbua hadi nikatukana. Mwili wake ulikuwa mrija wa kalamu, mkono wake pini, na mpira wake ni ganda la waya wa umeme. Ulikuwa ukichomoka kila nikiuinamisha, na mimi si mtu mwenye subira kubwa. Dada alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele.

"Anagombana na kalamu," akamwambia mama.

"Nani anashinda?" mama akauliza.

Baiskeli ndiyo iliyonipa raha. Niliisuka kwa waya wa shaba niliouzongoa kutoka kwenye mota iliyoungua: magurudumu mawili, usukani, na keria nyuma, maana mama alikuwa amebebwa kwenye keria miaka mingi na aliijua kwa mapaja yake. Nikaunda kigoda cha kupandia, kile ambacho rubani huwawekea wazee chini ya mlango. Nilipomaliza dada akasema, "Weka na kinu."

"Kiwanjani hakuna kinu," nikamjibu kwa ukali. Nilikuwa nataka kila kitu kiwe kweli.

"Mke wa mlinzi anatwanga wapi? Si pale pale, pembeni ya kibanda? Kwani wewe unakwenda kiwanjani kutazama nini?"

Alikuwa sawa, na tena nilikuwa nimekula ugali wa kinu kile. Nikachonga kinu na mchi wake.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kile kimfuko cha kuonyesha upepo. Nguzo yake ilikuwa spoku ya baiskeli. Kimfuko chenyewe nilikishona kwa kitambaa cha bitana, na kwa kuwa cha kiwanjani kina mistari, na mimi nataka ukweli, nikatafuta wino mwekundu kwa mwalimu jirani yangu na chokaa kwenye ukuta wa jikoni, nikapaka mstari mwekundu, mstari mweupe, mstari mwekundu, kwa ncha ya unyoya wa kuku. Nilikaa nao siku nzima ya Jumapili. Dada akaja nyuma yangu, akachungulia juu ya bega langu, akaniuliza taratibu kabisa rangi hizo nampakia nani.

Nilibaki na unyoya mkononi. Katika kupenda kwangu mistari ile nilikuwa nimesahau kwamba mama haoni. Dada alikimbilia uani kwenda kucheka huko, na hilo nalo likaongeza hasira yangu.

Tukamkalisha mama kwenye mkeka, nikamwekea ubao mbele ya magoti. Sikumwambia nini kiko wapi. Viganja vyake vilitua kwanza juu ya udongo, akausugua, akaunusa vidoleni. "Kiwanja," akasema. Akakuta pipa, akakuta la pili. Akakuta kinu, na hapo akacheka kwa sauti, akautoa mchi na kuurudisha. Kisha akagusa baiskeli. Aliishika keria kwa ncha za vidole viwili, akatulia. Mkono mmoja ukabaki kwenye baiskeli, mwingine ukaondoka kuelekea kwenye ndege, ukapanda gurudumu, ukapita mlango, ukafika chini ya bawa, ukaenda, ukaenda, hadi ncha.

Nilimwona usoni. Niliona ukubwa ukimwingia. Mdomo ulifunguka kidogo, mabega yakashuka, na akainua uso juu kana kwamba bawa lile lilikuwa limemtanda juu ya kichwa na kumzibia jua. Ile ndege ilikuwa bado ni shubiri moja, iko pale pale kwenye mkeka, na mama yangu alikuwa amesimama chini yake.

"Yesu na Maria," akasema. "Kumbe ni nyumba."

Nilitaka kuruka. Nikamwonyesha kigoda, nikamwonyesha mlango wa mizigo unavyofunguka, viti vilivyo ndani. Akapitisha kidole, akagusa kiti, akafunga mlango mwenyewe. Nikajua tumemaliza, na nikawa tayari nawaza nitakavyomwambia rubani. Lakini mikono ya mama ilikuwa imerudi kwenye udongo na ilikuwa inapapasa. Ilizunguka mapipa, ikazunguka kinu, ikarudi kwenye kigoda, ikapapasa tena pale pale ilipokwisha kupapasa.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Watu gani, mama?"

"Ndege ipo. Kigoda kimewekwa. Anayeondoka anaagana na nani?"

Nikamweleza kwamba wasindikizaji hawafiki kwenye ndege, husimama mbali, nje ya waya. Nilikuwa nimepunguza kila kitu cha kiwanja kile, mpaka kabari za magurudumu, na haikunijia akilini kuweka mtu hata mmoja. Mama akausukuma ubao, taratibu, kama unavyosukuma sahani ukishiba. "Ni kile kile nilichosema," akasema. "Mwewe."

Niliondoka nikaenda kukaa uani. Nilikuwa nimekasirika, na zaidi ya hasira nilikuwa na hofu, kwa sababu nilijua alichokuwa anakisema.

Kwa mama, mtu hakuwa ameondoka mpaka asindikizwe. Usevya ilikuwa ukitoka kwake, hata kama wewe ni mgeni wa siku moja, anabeba mzigo wako yeye mwenyewe mpaka kwenye kijito kinachotenga mashamba ya mpunga na njia kuu. Hapo anakukabidhi mzigo, anasimama. Unavuka. Ukishavuka anakuita, unaitika bila kugeuka, na yeye ndipo anarudi. Nilifanyiwa hivyo kila nilipotoka kwenda shule, na nilipokuwa mkubwa nikiwa na haraka zangu nilifanyiwa hivyo hivyo.

Baba peke yake ndiye aliyeondoka bila hayo. Lori la kuchukua watu wa mashamba ya mkonge lilipita mchana, mama akiwa mbali anachimba udongo wa vyungu. Lilikuwa halingoji. Baba akapanda na nguo alizokuwa nazo. Mama aliporudi na kikapu cha udongo kichwani, alikuta vumbi. Alikimbia hadi kwenye kijito, akavuka, akaita barabarani, hakuna aliyeitika. Baba alifia huko mkonge. Walituambia ni homa, na mama hakubishana na homa, lakini tangu siku ile hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwake peke yake.

Mimi na dada tulikaa tukilipima jambo hilo jioni nzima. Safari ya rubani ilikuwa imekaribia. Tulizungumza hata kumbeba kwa nguvu, kisha tukaona aibu wenyewe.

Asubuhi mama akasema anataka udongo. Dada akadhani ni wa chungu, akamwuliza kiasi gani. "Wa kujaa kiganja," mama akajibu. "Lakini uwe mzuri." Dada akaenda bondeni kule Ilembo, ambako wanalima mpunga, akarudi na bonge jeusi kwenye jani la mgomba. Mama akalifinyanga, akatafuta vijiwe kwa ncha ya ulimi na kuvitoa, akaomba baiskeli yangu ya waya. Akaiweka gotini. Kila alichokuwa akikifinyanga alikipima kwanza kwenye keria, kisha kwenye kidole gumba chake.

Nilikuwa nimechelewa kazini na sikuweza kuondoka. Nimeona mafundi wengi katika maisha yangu, na nimeona mashine za kushangaza. Sijaona tena kitu kama kile. Mama hakuona udongo, wala mkono wake, wala sisi. Alikuwa na mwiba mmoja wa mchongoma na maji kidogo kwenye kifuu, na mtu wa kwanza alipomsimamisha kwenye mkeka, alikuwa dada. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nyonga imetoka upande, mkono mmoja kiunoni, na kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta neno la kukuudhi. Hakuzidi pingili ya kidole. Dada aliutazama mwili wake ule mdogo, kisha akauondoa mkono wake kiunoni.

Kisha akanifanya mimi. Bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto, kwa miaka ya kubeba vyuma. Sikujua kwamba mama anajua. Nilikuwa nimeanza kazi hiyo macho yake yakiwa yamekwisha kuingia ukungu. Alilijulia wapi? Kwa kuniegemea njiani, nadhani. Bega lilikuwa chini kwa kiasi kile kile, limepunguzwa kwa kipimo kile kile ambacho rubani alinieleza kwa maneno mengi. Machozi yalinitoka, na nilishukuru kwamba dada alikuwa anatazama kwingine.

Akamfanya mlinzi wa kiwanja, akamfanya mkewe mlinzi, akawatoboa wote macho kwa mwiba. Akachovya vidole kwenye kifuu, akafinyanga mwanamume mwingine, mrefu, mikono mitupu. Akamtoboa naye macho, akamsimamisha kati yangu na dada.

"Huyu ni nani?" nikauliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Baba yenu," akasema mama. "Safari hii yeye ndiye anabaki, na mimi ndiye naondoka. Atanisindikiza."

Tuliwakausha kivulini, akawapanga mwenyewe kwenye ubao, karibu kabisa na bawa, ndani ya waya. Nikahesabu wote, nikaona kuna mmoja amekosekana. Nikamwambia, "Mama, wewe mwenyewe hujajiweka."

Alikuwa anafuta vidole kwenye kanga. "Mimi nimo ndani," akasema.

Rubani alikuja kuchukua jibu letu. Alikuta ubao kwenye mkeka, akavua kofia, akapiga magoti. Alianza na mapipa, akatabasamu kwenye pampu, na alipofika kwa wale watu tabasamu likaondoka, akawatazama kwa muda mrefu bila kuwagusa.

"Hawa ni akina nani, mama?"

"Wanaonisindikiza, baba. Wasisimamishwe kwenye waya."

Rubani akarudisha kofia kichwani. "Watafika mpaka kwenye bawa," akasema. "Nitawasha injini wakishamaliza."

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya safari mlinzi alifukuza ng'ombe kiwanjani, na sisi tukapita waya pamoja na mama, dada akiwa amebeba mzigo hadi kwenye kigoda. Mkono wa mama uligusa ubavu wa ndege, ukatafuta ukingo wa mlango, ukaupata bila kukosea, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuufungua na kuufunga. Dada akamkabidhi mzigo. Tukasimama pale alipokuwa ametusimamisha, mlinzi na mkewe upande mmoja, dada na mimi upande mwingine, na kati yetu tukaacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyesema tuiache.

Mlango ulipofungwa, tukamwita. Kutoka ndani ya bati lile sauti ikajibu, "Abee!" kwa wepesi, kama ya msichana anayeitwa akiwa mtoni. Injini ikawaka. Ndege ikakimbia, ikaachia ardhi, ikapita juu ya miti ya miombo, nasi tukabaki midomo wazi kama alivyotabiri. Niliiona ikipungua angani hadi ikawa shubiri moja, hadi ikawa pingili ya kidole, na sikuogopa, kwa sababu sasa nilijua kwamba kitu kinaweza kupungua hivyo kikabaki chote.

Alirudi kwa treni, mvua zilipokata na reli ikatengenezwa. Tulimpokea stesheni. Alishuka mwenyewe, amevaa miwani mizito, akamtazama dada toka kichwani hadi miguuni, akamwambia amenenepa. Mimi alinishika uso kwa mikono miwili, kwa mazoea, kisha akakumbuka, akaondoa mikono, akanitazama tu. Sikujua niweke wapi macho yangu.

Nyumbani hakuketi. Aliuliza ubao uko wapi, nikauleta mlangoni kwenye mwanga. Akachuchumaa. Kitu cha kwanza alichokigusa kilikuwa kile kimfuko cha upepo. "Nyekundu," akasema. "Na nyeupe. Na nyekundu." Nilimtazama dada kwa fahari ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Dada akaangalia pembeni.

Mama aliwatazama watu wake mmoja mmoja. Kwa yule mrefu alikaa sana, midomo ikitembea bila sauti. Kisha akafungua mlango wa mizigo, akaingiza vidole viwili, akatoa kitu. Miezi yote ile ndege ilikuwa kwenye rafu yangu na nilikuwa nikiifuta vumbi, na maneno yake kwamba yumo ndani niliyachukua kuwa ni maneno tu. Alikuwa mwanamke wa udongo, ameketi, mikono mapajani, sawa na karanga moja katika ganda lake; lazima alimfinyanga nikiwa kazini, wakati wenzake wanakauka. Wengine wote alikuwa amewatoboa macho. Huyu uso wake ulikuwa laini, mtupu.

Akamgeuza geuza mwangani. Akaniomba mwiba. Akalowesha uso ule kwa ncha ya ulimi, akasubiri udongo ulainike, akatoboa jicho moja, akatoboa la pili. Kisha akamkalisha nje, juu ya kigoda, karibu na baba, akamwelekeza amtazame.